Ukanda wa rola unapokusumbua: dalili, chanzo na tiba katika utengenezaji wa vidonge kwa njia kavu

Malalamiko mengi kuhusu chembechembe za njia kavu huanzia kwenye mashine ya kupigia vidonge. Vidonge ni laini, vinavua kofia (tabaka la juu linabanduka), uzito hautulii. Fundi anaongeza nguvu ya panchi, vile vyuma vinavyobana kidonge, hali inazidi kuharibika, na lawama zote zinamwangukia yeye. Kumbe ugonjwa ulizaliwa hatua mbili nyuma, unga ulipokuwa unaingia kati ya rola, na mara nyingi hata kabla ya hapo, ndani ya hopa, chombo cha juu kinachoshusha unga. Kwa hiyo tutafuata dalili kwa njia ile ile unga unayopita: hopa, rola, kinu, kisha kidonge. Na kanuni moja ya kuanzia: shinikizo la rola ndicho kitu cha mwisho kuguswa, ingawa ndicho cha kwanza kukimbiliwa.

Njia kavu huchaguliwa pale dawa isipopatana na maji au joto la kukaushia. Aspirini ikipata unyevu huvunjika kuwa asidi salisiliki na asidi asetiki. Klavulaneti, inayokwenda pamoja na amoksisilini, huharibika upesi zaidi. Badala ya kuukanda unga kwa maji ya gundi na kuukausha, tunaubana kati ya rola mbili hadi uwe ukanda, kisha ukanda unasagwa kuwa chembechembe zinazotiririka vizuri. Hakuna maji, hakuna tanuri, hatua ni chache. Kwa sababu hatua ni chache, kosa la hatua moja halina mahali pa kufichwa.

Namba za kuwa nazo kabla ya kurekebisha chochote

Andika nguvu ya kubana kwa kila sentimita ya upana wa rola (kN/cm), pengo la rola, kasi ya rola, kasi ya skrubu ya kulishia, na joto na unyevu wa hewa chumbani. Bila hizi utakuwa unabahatisha. Usitegemee namba ya mita ya haidroliki peke yake: bar 60 kwenye mashine yako si bar 60 kwenye mashine ya jirani, kwa kuwa upana wa rola na ukubwa wa silinda hutofautiana.

Kisha pima densiti ya ukanda. Ni kazi ya dakika chache na wengi hawaifanyi. Kata kipande chenye pembe nne, pima urefu, upana na unene kwa kalipa, halafu kipime uzito. Tuseme ni sm 2.5 kwa 2.0, unene sm 0.22: ujazo ni sm³ 1.1. Kikiwa na gramu 1.21, densiti ni 1.10. Gawanya kwa densiti halisi ya mchanganyiko, ile isiyohesabu hewa, ambayo maabara wanayo; ikiwa ni 1.55 unapata 0.71. Hiyo ndiyo densiti linganifu. Michanganyiko mingi hufanya vizuri kati ya 0.6 na 0.75. Ukikaribia 0.8 tegemea matatizo kwenye panchi, tutaona kwa nini. Rola zikiwa na mikwaruzo au meno, kalipa hupima vilele tu na densiti hutoka ndogo kuliko ilivyo, lakini ukipima kwa njia ile ile kila mara bado utaona mabadiliko.

Chukua vipande vitatu: kushoto, katikati, kulia. Katikati mara nyingi huwa na densiti kubwa zaidi, ila tofauti ikiwa kubwa ujue mlisho haukai sawa.

SIMAMA: mtu yeyote asiingize mkono, kijiko wala brashi karibu na rola zinazozunguka, hata kwa kasi ndogo. Rola hazirudishi kilichoingia. Zima, kata umeme kwenye swichi kuu, weka kufuli na kibandiko chenye jina lako, subiri shinikizo la haidroliki lishuke hadi sifuri, ndipo ufungue.

Dalili ya 1: ukanda mara mnene mara mwembamba, namba kwenye skrini hazitulii

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linalozaa mengi ya yanayofuata. Kwanza ijue mashine yako. Kama rola zimefungwa pengo moja lisilobadilika, mlisho ukiyumba utauona kwenye nguvu ya kubana. Kama rola moja inaelea juu ya haidroliki, nguvu itakaa pale pale na pengo ndilo litakalocheza. Mwendeshaji aliyezoea aina moja akihamishiwa nyingine huangalia namba isiyosema kitu na kuripoti kwamba kila kitu kiko sawa.

Chanzo cha kawaida kabisa ni unga kutoshuka. Hufanya daraja juu ya mdomo wa hopa, au hujitoboa handaki katikati huku pembeni umeganda. Chungulia kwenye kioo cha hopa kabla ya kufanya lolote. Ukiona handaki, usigonge hopa kwa nyundo ya mpira, ingawa kila kiwanda kina nyundo hiyo na kila hopa ina alama zake. Kugonga kunaushindilia unga, na dakika kumi baadaye daraja linarudi likiwa gumu zaidi. Angalia kama kikorogeo cha hopa kinazunguka kweli, kwani pini yake hukatika huku mota ikiendelea kulia kama kawaida. Kiwango cha unga kikae kati ya theluthi moja na theluthi mbili za hopa. Hopa iliyojazwa pomoni na kuachwa ilale usiku hushindilia sehemu ya chini kwa uzito wake yenyewe.

Kama tatizo ni la kila bechi, pima mtiririko. Mimina unga kwenye silinda ya maabara, soma densiti. Gongesha silinda kwa kifaa chake hadi ujazo usipungue tena, soma tena. Unga wa 0.35 uliofika 0.52 una kielelezo cha Carr, yaani kipimo cha jinsi unga unavyojishindilia, cha asilimia 33 hivi. Juu ya 25 huo ni unga wa kusumbua, na hakuna mpangilio wa skrini utakaoutibu. Tiba iko kwenye fomula: silika koloidi ya asilimia 0.2 hadi 0.5, au MCC (selulosi ya fuwele ndogo, kijazio cha vidonge) ya chembe za wastani wa mikromita 100 badala ya ile ya 50. Haya ni ya wakati wa kuunda dawa. Dawa ikishasajiliwa huwezi kuamka asubuhi na kubadilisha aina ya MCC.

Chanzo cha pili ni hewa. Unga mwepesi huingia na hewa nyingi, na rola zikiubana hewa hiyo haina pa kwenda isipokuwa kurudi juu ilikotoka. Utaona vumbi likifukuta kwenye hopa kwa mapigo, na ukanda ukitoka kwa mafungu. Mashine yenye ufyonzaji wa hewa karibu na skrubu ina kichujio, na kichujio hicho huziba kimya kimya. Kikague mwanzoni mwa kila zamu. Kama ni safi, punguza kasi ya rola ili hewa ipate muda wa kutoka, na punguza skrubu kwa kiasi hicho hicho.

Tatu ni uwiano wa skrubu na rola. Nadharia ya Johanson ya mwaka 1965 bado inatosha kulieleza: unga huanza kwa kuteleza juu ya uso wa rola, kisha hufika mahali ambapo rola zinaunasa na kuuvuta. Skrubu ikileta kidogo, mnaso unakosa unga na ukanda unatoka na matundu. Ikileta kupita kiasi, unga unasukumwa pembeni na mota ya skrubu inapata moto. Badilisha kitu kimoja tu, subiri mashine itulie, pima densiti, andika. Mwendeshaji anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hawezi kujua ni kipi kilichotibu, na bechi ijayo ataanza upya.

Nne ni unyevu. Mwambao, wakati wa masika, mitambo ya hewa huzidiwa. Unga ambao Januari ulishuka vizuri unaanza kugandana Aprili bila mtu kubadilisha chochote. Linganisha rekodi ya unyevu wa chumba na saa ambayo tatizo lilianza. Mara nyingi mlango wa chumba cha kuchanganyia umeachwa wazi, au mfuko wa malighafi umefunguliwa na kusubiri mizani kwa saa nzima.

Umeme ukikatika, jenereta ikawaka na kazi ikaendelea, usichukulie kwamba umeendelea pale ulipoishia. Haidroliki ilishuka, ufyonzaji ulizimika, unga uliobaki kwenye skrubu ulikaa na kushindilika. Ukanda unaotoka mwanzoni utenge kwa mujibu wa utaratibu wa bechi mpaka namba zitulie.

SIMAMA: pengo likiendelea kuyumba ilhali unga unashuka vizuri, ukasikia mgongano wa chuma, ukaona mafuta chini ya silinda, au beringi ya rola imepata joto lisilo la kawaida, zima na umwite fundi wa mitambo. Haidroliki hairekebishwi na mwendeshaji. Mafuta yanayovuja kwa shinikizo kubwa huweza kupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kupelekwa hospitali hapo hapo hata kama linaonekana dogo.

Dalili ya 2: unga mwingi unapita bila kubanwa

Usihukumu kwa kuangalia chembechembe zilizotoka kwenye kinu, kwa sababu kinu nacho hutengeneza unga wake. Kinga kilichodondoka chini ya rola kabla ya kinu kwa dakika moja, tenga ukanda na unga, pima vyote viwili. Sasa una asilimia, na unajua mkosaji ni rola au ni kinu.

Kama ni rola, anza na mabamba ya pembeni yanayozuia unga usitoroke. Yakiwa ya teflon hulika; yakiwa ya chuma yaliyofungwa vibaya huacha mwanya. Kingo za ukanda ndizo mashahidi: zikiwa laini na zinamomonyoka kwa kidole huku katikati pagumu, ni mabamba. Kingo zikiwa nzima na unga bado ni mwingi, rudi kwenye hewa na kwenye skrubu inayoleta kupita kiasi. Rola zenye uso laini nazo huushika unga unaoteleza kwa shida kuliko zenye mikwaruzo. Baada ya hayo yote, kama densiti iko chini ya 0.6, ndipo uongeze nguvu ya kubana, kidogo kidogo, ndani ya mipaka iliyoidhinishwa.

Kuna kishawishi cha kurudisha unga uliotoroka kwenye hopa na kuupitisha tena. Usifanye hivyo kama rekodi ya bechi haikuruhusu kwa maandishi. Unga uliotoroka huenda una kiwango cha dawa tofauti na mchanganyiko wenyewe, na kilichokwisha kubanwa mara moja hakibaniki tena vile vile.

Dalili ya 3: ukanda unanata kwenye rola

Sababu ya kwanza ni kilainishi, kinachozuia unga kunata kwenye chuma: hakipo ndani ya mchanganyiko, au kipo lakini hakikuchekechwa na kimekaa mabonge. Michanganyiko mingi huweka magnesiamu stearati mara mbili, asilimia 0.25 hadi 0.5 ndani kabla ya rola na kiasi kama hicho nje kabla ya panchi. Kuna mtu atashauri uweke yote nje ili kuokoa ugumu wa kidonge, rola zitamjibu.

Angalizo kwa wanaotengeneza aspirini: magnesiamu stearati huharakisha kuvunjika kwake. Hapo hutumika asidi steariki au kilainishi kingine kisichoidhuru.

Sababu ya pili ni joto. Rola hupata moto kadiri zamu inavyosonga, na dawa zenye kiwango kidogo cha kuyeyuka hulainika mapema. Ibuprofeni huyeyuka kwenye nyuzi 75 hadi 78 za Selsiasi, ila huanza kunata kabla ya kufika huko kwa sababu chembe hupata moto pale zinaposuguana. Kama saa mbili za mwanzo ni safi na kunata kunaanza baadaye, angalia maji ya kupoozea rola: je, yanapita, na yana joto gani? Kisha unyevu wa chumba. Mwisho visu vya kukwangulia rola. Kisu kilicholika au kilichoinama huacha utando, utando unaongezeka unene, na baada ya muda unabana unga juu ya unga uliokwisha kubanwa.

SIMAMA: ukiona mstari unaong'aa kwenye rola, au vumbi la kijivu kwenye ukanda, kisu kinakwaruza chuma. Hiyo si kazi ya kusafisha na kuendelea. Tenga kila kilichotoka tangu ukaguzi wa mwisho uliokuwa safi, wajulishe wahakiki ubora, na mashine isiwashwe mpaka wao na fundi waridhike.

Dalili ya 4: ukanda unachanika katikati au unapinda

Ukanda ukigawanyika kuwa tabaka mbili, moja ikifuata rola ya juu na nyingine ya chini, kwanza shuku hewa iliyonaswa ndani, kisha nguvu iliyopita kiasi, kisha kunata upande mmoja. Dawa zenye tabia ya mpira, zinazobanwa na kujirudisha, huchanika kirahisi. Parasetamoli ni maarufu kwa hilo. Punguza kasi ya rola kabla ya kupunguza nguvu. Ikishindikana, fomula inahitaji kiunganishi kikavu kama kopovidoni.

Ukanda unaopinda kuelekea rola moja unakuonyesha rola mbili hazina joto moja au hazina usafi mmoja. Zilinganishe.

Dalili ya 5: chembechembe ni kubwa mno, ndogo mno, au zote mbili

Hapa ni kinu, na mambo ni mafupi. Toa neti, iangalie kwenye mwanga: imepasuka? Imeziba? Ni ya ukubwa ulioandikwa? Neti ya milimita 1.0 na ya 1.25 zikikaa kwenye kabati moja bila alama zitabadilishana tu. Kasi ya rota, sehemu ya kinu inayozunguka, ikizidi unatengeneza unga upya, na ukanda ukiingia haraka kuliko unavyotoka, chumba cha kinu kinajaa na chembe zinasagana zenyewe. Ukanda laini kupita kiasi hauzai chembe nzuri kwa neti yoyote ile.

SIMAMA: neti iliyokatika waya ni suala la chuma ndani ya dawa. Tafuta vipande vyote vilivyokosekana na uvilinganishe na neti. Visipopatikana, bechi inafungiwa mpaka wahakiki ubora waamue.

Dalili ya 6: vidonge laini, vinamomonyoka au vinavua kofia

Sasa tumefika kwa yule fundi wa panchi. Kipimo cha kumomonyoka ni mizunguko 100 ya ngoma kwa kasi ya 25 kwa dakika, na upungufu wa uzito usizidi asilimia 1. Kidonge kikivua kofia ndani ya ngoma, kimeshindwa hata kama uzito uliopotea ni mdogo.

Jaribio la kwanza halihitaji maabara: punguza kasi ya mashine ya vidonge hadi nusu. Kofia zikiacha kutoka, tatizo ni hewa na kujirudisha kwa chembe zisizopewa muda chini ya panchi. Ongeza mbano wa awali, ule mdogo unaotangulia mbano mkuu, tafuta kasi ya kati, endelea. Zisipoacha, toa panchi na dai (tundu la chuma ambamo kidonge hubanwa) uzikague. Pete iliyochimbika ndani ya dai hukikata kidonge kinaposukumwa nje, na ncha za panchi zilizopinda hufanya vivyo hivyo. Kama kofia zinatoka kwenye stesheni (seti ya panchi na dai) moja au mbili tu, hakuna haja ya kuigusa fomula.

Vifaa vikiwa vizima, pima unga ulio chini ya mikromita 75. Unga mwingi hubeba hewa. Kama ni mwingi, rudi kwenye dalili ya 2 na ya 5.

Kama unga si mwingi na kidonge kinakataa kuwa kigumu hata ukiongeza nguvu, tazama densiti ya ukanda wa bechi hiyo. Hapa ndipo walioongeza shinikizo la rola "ili chembe ziwe nzuri" wanapolipa. Unga kama MCC hushikamana kwa kufinyangika, na uwezo huo hupungua kila unapotumika, kama udongo wa tofali ambao ukishachomwa haufinyangiki tena. Rola zikiutumia wote, panchi haipati kitu. Chembe ngumu za densiti 0.8 zitakuwa nzuri kwa macho, zitatiririka vizuri, na zitatoa kidonge dhaifu. Kalsiamu fosfeti na laktosi haziathiriki kwa kiwango hicho, maana zenyewe hushikamana kwa kuvunjika na kufungua nyuso mpya. Tiba ni kushusha nguvu ya rola mpaka densiti irudi kwenye safu yake, hata kama unga utaongezeka kidogo. Wanaounda fomula mpya waweke sehemu ya MCC nje ya chembe, iongezwe baada ya kinu ikiwa bado haijaguswa.

Mwisho angalia muda wa kuchanganya kilainishi cha nje. Dakika 2 hadi 5 zinatosha kwa michanganyiko mingi. Mashine ya kuchanganyia ikiachwa izunguke wakati watu wamekwenda kula, stearati hupaka kila chembe na kuzuia mshikamano. Michanganyiko yenye MCC nyingi huumia zaidi. Yenye kalsiamu fosfeti huenda isione tofauti.

SIMAMA: usiongeze nguvu ya panchi kupita kikomo cha ncha zake ukitafuta ugumu. Ncha hukatika, na kipande chake huruka au huingia kwenye dawa.

Dalili ya 7: uzito unacheza, au kiwango cha dawa hakilingani kati ya vidonge

Uzito na kiwango cha dawa ni mambo mawili, yasichanganywe. Uzito ukiyumba huku kiwango kwa kila miligramu kiko sawa, ni mtiririko: chembe kubwa kwa dai ndogo, hopa inayoshuka kwa vipindi, kasi kubwa. Kwa vidonge vya miligramu 250 na zaidi, famakopea ya Uingereza, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, huvumilia asilimia 5 kutoka wastani, na kati ya 20 si zaidi ya viwili vinavyoruhusiwa kutoka nje ya hapo.

Kiwango kikiyumba huku uzito umetulia, ni kutengana. Chekecha chembechembe kwa neti za mikromita 500, 250, 125 na 75, kisha waombe maabara wapime dawa kwenye kila tabaka. Dawa ya chembe ndogo sana ikikutwa imejazana kwenye unga wa chini, umempata mkosaji: rola hazikuifunga dawa pamoja na vijazio. Linganisha pia vidonge vya mwanzo, kati na mwisho wa bechi. Mwisho ndiko mambo huharibikia, maana unga hukusanyika kwenye kuta za pipa na kushuka wote kwa pamoja. Punguza kimo ambacho chembe zinaanguka kutoka pipa hadi hopa, ondoa mtikisiko usio na kazi, ipunguze sehemu isiyobanwa.

SIMAMA: kiwango cha dawa kikitoka nje ya mipaka, kazi ya kurekebisha mashine imekwisha na uchunguzi rasmi umeanza. Kuchagua vidonge vizuri na kutupa vibaya hakukubaliki. Na kama tiba ni kubadilisha fomula au kutoka nje ya safu iliyosajiliwa, barua inaenda kwa mamlaka ya dawa kabla ya mabadiliko: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, NDA kwa Uganda.

Dalili ya 8: kidonge hakisambaratiki

Dondosha kimoja kwenye bika la maji ya nyuzi 37 na utazame. Kikifunguka upesi kuwa chembe, lakini chembe zikakaa chini bila kuvunjika, zimebanwa kupita kiasi kwenye rola. Kikibaki kizima na maji hayapenyi, ni kilainishi kilichochanganywa mno au panchi iliyobana mno. Kisambaratishi kama kroskameloze kigawanywe, nusu ndani na nusu nje. Kikiwa chote ndani, kidonge huchelewa kufunguka, na kikiwa chote nje, chembe hazifunguki.

Kwa wanaotumia slagi

Viwanda vidogo visivyo na rola hubana vidonge vikubwa, slagi, kwa mashine nzito, kisha huvisaga. Yote ya mtiririko na hewa yanahusika, na zaidi, maana dai hujazwa kwa uzito wa unga wenyewe bila skrubu ya kuusukuma. Kasi iwe ndogo. Slagi zisikaguliwe kwa uzuri. Zipimwe uzito na unene, kwa kuwa slagi zinazopishana unene zitatoa chembe zinazopishana ugumu ndani ya pipa moja.

Dalili ya 9: harufu ya siki, au madoa ya kahawia

Siki kwenye chombo cha aspirini ni asidi asetiki, na maana yake ni kwamba dawa imeanza kuvunjika. Angalia unyevu wa malighafi zote, si wa aspirini peke yake: wanga na MCC hubeba maji yao, na MCC ya kawaida huwa na hadi asilimia 5 hivi. Zipo aina kavu zaidi kwa kazi hii. Kisha chumba, kisha muda ambao chembe zimekaa kwenye mapipa zikisubiri panchi. Begi la ndani lisilofungwa vizuri kwa wikiendi moja linatosha.

Amoksisilini na klavulaneti zikibadilika rangi kuwa njano iliyokolea au kahawia, chanzo cha kwanza ni unyevu wa hewa. Chumba chake mara nyingi huwekwa chini ya asilimia 30 ya unyevu, na kipimo kinachosoma 28 karibu na mlango hakisemi lolote kuhusu hewa iliyo kwenye hopa. Weka kipimo pale unga ulipo, na hakikisha kimekaguliwa usahihi wake.

SIMAMA: bechi yenye harufu au madoa haikaushwi upya wala haichanganywi na nyingine ili kuipunguza makali. Ifungiwe, ipelekwe maabara kupimwa mabaki ya uvunjikaji. Kwa penisilini, jamii ambayo amoksisilini imo, kuna la ziada: hata kama mashine yako ya rola imeharibika na ya jengo jingine imekaa bure, kazi haihamishwi. Penisilini hutengenezwa mahali pake peke yake, na kiasi kidogo cha vumbi lake kwenye dawa nyingine kinaweza kumuua mgonjwa mwenye mzio.